Mba, Mise na Chanuo la Mama Mdogo

Kwa muda mrefu niliwadanganya watu wa Ujiji kwamba vile vyeupe vilivyokuwa mabegani mwangu ni chaki. Uongo ule ulinikaa vizuri kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu mwenye vumbi jeupe huhesabiwa kuwa ni mchapakazi. Nilikuwa na koti moja jeusi ambalo nililipenda kupita kiasi. Nikitoka darasani nilisimama mlangoni, nikajipangusa kwa madaha, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Chaki za siku hizi zinavunjika hovyo." Wanafunzi wangu wa darasa la tano, waliojua kwamba siku hiyo sikuandika hata neno moja ubaoni, waliinamia madaftari yao kwa adabu.

Halafu shule zikafungwa mwezi wa sita, na chaki ikaendelea kuanguka.

Hapo ndipo iliponibidi nikubali, walau mbele ya kioo, kwamba nina mba. Haikuwa mba ya kawaida ya mtu aliyekosa kuoga vizuri siku mbili tatu. Ilikuwa imeshika utosi mzima, ikateremka nyuma ya masikio, ikaingia kwenye nyusi, na asubuhi nyingine niliikuta pembeni mwa pua, nyekundu kidogo na yenye magamba. Msikitini nilianza kuchagua safu ya nyuma kabisa, kwa sababu kila nilipoinuka kwenye sijda niliacha alama yangu juu ya mkeka. Kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye cheti cha ualimu na koti jeusi, nilikuwa napukutika.

Niseme kwanza hali ya nyumba yetu wakati ule, maana bila hiyo ujinga wangu hautaeleweka.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Vita vilikuwa ng'ambo ya ziwa, na maboti yalifika kwenye ufukwe wa Katonga yamejaa watu, magodoro na masufuria, pale pale yalipozoea kushusha dagaa na migebuka. Mama yangu, kabla ya vita, alikuwa akivuka ziwa kupeleka sabuni na kurudi na vitenge, na kila safari alilala kwa rafiki yake mmoja, mwanamke aliyekuwa mwuguzi kwenye zahanati ya kule. Siku rafiki huyo aliposhuka Katonga na mabinti zake wawili, Mama alikwenda kuwapokea mwenyewe, akawaleta nyumbani kwetu Kasingirima. Aliniambia nimwite Mama Mdogo, nami nikamwita hivyo.

Mume wa Mama Mdogo alikuwa amebaki nyuma kumchukua mama yake mzee aliyekuwa kijijini. Walikuwa wamepatana kwamba atakayetangulia kuvuka amsubiri mwenzake Katonga. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Mdogo alijifunga kitenge chake akatembea hadi Katonga, akaangalia kila boti lililotia nanga, akarudi. Utaratibu wa serikali ulikuwa kwamba wote waliovuka waandikishwe na kupelekwa kambini, mbali na ziwa. Yeye hakuikataa kambi. Alichotaka ni kutotangulia.

"Nikienda kambi leo, yeye atashuka pale kesho, ataangalia, hataona mutu," alimwambia Mama. "Atasema tulizama."

Mama alimpa chumba. Chumba chenyewe kilikuwa changu. Niliombwa mbele ya wageni, wakiwa bado wamesimama na mabunda yao, nikatabasamu na kusema karibuni sana, nikahamia kwenye benchi la sebuleni. Tabasamu lile lilinigharimu. Benchi lilikuwa jembamba kuliko mimi, na wageni wa Mama walianza kugonga hodi kabla ya jua. Nikawa silali. Na kwa kuwa nilikuwa nimenuna lakini sikutaka ijulikane kwamba nimenuna, nikaanza kususa chakula kwa namna ya heshima. Nikiambiwa karibu mezani, nasema nimeshiba. Nikiulizwa nimeshiba wapi, nasema shuleni. Shuleni kwenyewe tulikunywa chai ya rangi.

Hapa nikiri jambo la aibu zaidi. Bibi yake babu yangu alitokea huko huko ng'ambo, na ukitaka kuondoa watu wa asili hiyo mtaani kwetu utabaki na mbuzi. Lakini mimi nilikuwa nimesoma chuo, nikajiona mwenyeji tangu ziwa lilipojazwa maji. Niliongea habari za "hawa wageni" kwa sauti ya mtu ambaye mababu zake waliota pale pale ardhini.

Sasa turudi kichwani.

Dawa ya kwanza niliyojaribu ilikuwa limau na chumvi. Nilijipaka uani wakati hakuna mtu, na sitasimulia yaliyofuata, ila jirani alikuja kuuliza kama kuna msiba. Baada ya limau nikaenda kwenye majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, ambayo yalinipa kichwa cha kijani na mba ile ile. Ndipo nikarudi kwenye dawa ambayo kila mtoto wa Kigoma amelelewa nayo: mafuta ya mise. Kwa wasiojua, mise ni ile kokwa ya ndani ya chikichi. Wenyewe tunaikaanga, tunaikamua, na mafuta yake meusi yenye harufu ya kuungua tunampaka mtoto mchanga, tunampaka mwenye kikohozi, tunampaka aliyeteguka mguu na aliyeota ndoto mbaya. Hakuna ugonjwa ambao bibi zetu waliutazama wasiuone unahitaji mise.

Na mimi, mwalimu wa sayansi kimu, niliongeza hoja zangu. Nilijiambia kwamba kinachobanduka ni kikavu, na dawa ya kikavu ni mafuta. Basi nikapaka asubuhi. Ilipozidi, nikapaka asubuhi na jioni. Ilipozidi tena, nikaongeza mchana, kisha nikafunika yote kwa kofia iliyobana ili dawa isipotee. Kofia ile ilianza ikiwa nyeupe. Baada ya mwezi ungeweza kuisimamisha juu ya meza bila kichwa ndani yake. Majirani walijua nakaribia kabla sijakunja kona ya nyumba.

Mba ikanawiri. Na mimi nikaanza kumtafuta mtu wa kumlaumu.

Mama Mdogo alikuwa fundi wa kusuka. Mchana akirudi Katonga, wanawake wa mtaa walikuja uani kusukwa mitindo ya kwao, na kwa kazi hiyo alikuwa na chanuo kubwa la mbao lililotundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni. Chanuo langu mimi lilikuwa limebakiwa na meno manne. Kwa hiyo kila asubuhi, alipokuwa ameshaondoka, nilichukua lake, nikachana, nikalirudisha. Sikuomba. Kumwomba mtu chanuo wakati umemnunia ni kazi ngumu.

Siku moja nikiwa nimelishika mkononi nikapata jibu. Chanuo! Mba yangu ilianza baada ya wao kuja. Vichwa vingapi vimepita kwenye meno haya? Nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi akipata mzigo wa kumtwisha mwingine. Kwamba Mama Mdogo mwenyewe hakuwa na mba hata chembe, wala mabinti zake, halikunisumbua. Nilijiambia kwamba wao wameizoea.

Lakini chini ya furaha ile palikuwa na kitu kingine, na leo nina umri wa kutosha kukisema. Niliogopa. Miaka ile kulikuwa na ugonjwa ambao hatukuutaja kwa jina, na mtu akipukutika ngozi, akipungua mwili, watu walimtazama mara mbili halafu wakaongea taratibu. Mimi nilikuwa napukutika, na suruali zangu zilikuwa zimeanza kunilegea. Chuoni sikuishi kama walii. Nikilala kwenye benchi nilihesabu mambo niliyoyafanya na kuyaona yote kichwani mwangu, meupe. Kuogopa chanuo la mtu kulikuwa nafuu kuliko kuogopa damu yangu mwenyewe.

Kwa hiyo nikaandika barua. Niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, kwa wino mweusi, kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kichwa chake kilisema: "Yah: Mgeni Asiyeandikishwa Mwenye Ugonjwa wa Ngozi ya Kichwa." Ndani nikaeleza, kwa heshima na taadhima, kwamba nyumbani kwetu yupo mama wa ng'ambo ambaye hajaripoti, kwamba anachana vichwa vya watu, na kwamba kwa usalama wa afya ya jamii ingefaa apelekwe kunakohusika. Nilijua maana yake. Nilijua kwamba akipelekwa, Katonga haitakuwa na mtu wa kumpokea mumewe. Nikatia saini.

Niliikunja nikaitia mfuko wa ndani wa koti, ikae hapo hadi Jumatatu, maana ofisi ya mtaa ilikuwa haifunguliwi mwisho wa juma.

Jumatatu nikaenda. Nilisimama mbele ya mwenyekiti, mtu mzima mwenye miwani, nikamwamkia, nikatia mkono mfukoni. Hapakuwa na kitu. Nikatafuta mfuko mwingine, na mwingine, nikageuza hata mifuko ya suruali. Mzee alinitazama kwa subira.

"Mwalimu, ulikuwa na shida gani?"

"Nimekuja kukusalimu tu, Mzee."

"Marahaba tena," akasema, akaendelea na mambo yake.

Nilirudi nyumbani nikitazama chini njia nzima, nikidhani imedondoka. Barua yenye jina langu na saini yangu imelala mahali fulani Ujiji, na mtu yeyote anaweza kuiokota. Nilipofika uani nilikuwa nimelowa jasho, kofia imenata kichwani. Mama Mdogo alikuwa ameweka kigoda katikati ya ua, na pembeni yake ndoo ya maji ya uvuguvugu na kipande cha sabuni.

"Mwalimu, kuja ukae hapa. Vua kofia."

"Kofia ina nini, Mama Mdogo?"

"Kofia haina kitu. Kichwa ndio kiko na kitu."

Sijui kwa nini nilitii. Labda kwa kuwa aliongea kama mwuguzi na si kama mgeni. Nikakaa. Nilipoivua kofia ilitoa mlio, na mabinti zake waliokuwa wakipepeta mchele waligeukia ukutani ili wacheke kwa heshima. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono msumarini akachukua chanuo lile lile, nami nikashtuka.

"Unaogopa chanuo yangu?"

"Hapana."

"Kila asubuhi unaikamataka, unairudishaka meno ikiangalia ukuta. Mimi naitundikaka meno ikiangalia mulango." Akaanza kugawa nywele zangu taratibu. "Sikusema kitu. Chanuo ni ya kuchana."

Alipita utosi wote, akatazama nyuma ya masikio, akaniinua kidevu akatazama nyusi na pua. Tangu utotoni hakuna mtu aliyekuwa amenishika kichwa namna ile, na nilijikuta nimefumba macho.

"Unalalaka saa ngapi?"

"Silali sana."

"Unakulaka nini asubuhi?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na chai."

"Hii unapakaka ni nini?"

"Mise."

"Mara ngapi?"

Nikasema mara tatu kwa siku. Hapo ndipo alipocheka, kicheko kirefu cha kujishika kiuno, na Mama akatoka jikoni kutazama, kwa kuwa tangu avuke ziwa hatukuwa tumemsikia akicheka.

"Mwalimu, wewe unalisha mba! Iko kidudu kidogo sana kwa ngozi ya kila mutu, hata yangu. Chakula yake ni mafuta. Mutu akilala vizuri, akikula vizuri, mwili unaikataza. Akichoka, akikaa na mawazo, mwili unaiacha. Sasa wewe haulali, haukuli, na unaipikia mara tatu!"

"Haiambukizi?" niliuliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Ingeambukiza, hawa watoto wangu wangekuwa nayo. Na hao wamama wote nimesuka."

Aliniosha mara mbili, akaliacha povu likae kidogo, akasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Masharti yake yalikuwa machache. Mise ikome kabisa. Kichwa kioshwe mara mbili kwa wiki kwa sabuni ya salfa ya duka la dawa, nisikwangue kwa kucha, na nisivae kofia nywele zikiwa mbichi. Mchana nile sombe, yaani kisamvu, na dagaa nikiwa nimekaa pamoja na watu wote. "Mafuta unataka, tia mawese ndani ya sombe," alisema. "Ipite kwa mudomo." Halafu akatangaza kwamba yeye na mabinti watalala na Mama, na mimi nirudi chumbani kwangu. Nilikataa kwa muda ule unaohitajika na heshima, kisha nikabeba mto wangu upesi.

Jambo la mwisho alilisema akiwa anajifuta mikono. Kama mwezi utaisha na mba haijapungua usoni, twende hospitali wapime damu na sukari.

"Kwa nini damu?"

"Mba ni mba, Mwalimu. Lakini ikishuka kwa uso na haisikii dawa, kichwa inaweza kuwa inasema kitu ya mwili. Ni vizuri kujua."

Alichukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye pindo la kitenge, akaandika kitu akiwa amenipa mgongo. Nilidhani ni hesabu za wasukwaji wake.

Sikungoja mwezi uishe. Wiki ya pili, ingawa nyusi zilikuwa zimeanza kusafika, nilimwambia kwamba nataka kupimwa, kwa sababu nimechoka kuogopa. Niliyasema hayo kwa sauti, mimi niliyekuwa nasema nimeshiba chai. Alinisindikiza hadi hospitali akakaa nami kwenye benchi, na siku ile hakwenda Katonga asubuhi. Nilifikiri juu ya hilo baadaye sana. Majibu yalipotoka siku kadhaa mbele, daktari alisema damu yangu haina ugonjwa niliouogopa, sukari iko sawa, ila damu imepungua na mwili umechoka, nile, nilale. Nilitoka nje nikakaa chini ukutani nikalia kama mtoto. Mama Mdogo alinisubiri nimalize, akaniambia twende, sombe iko jikoni.

Ile barua niliitafuta kwa wiki nyingi. Nilichungulia chini ya benchi, nikapekua vitabu vya wanafunzi, na kila mwenyekiti aliponisalimu njiani nilitazama kwanza mikono yake. Kuiandika upya sikuweza. Ni vigumu kumshitaki mtu ambaye Jumatano anakuosha kichwa.

Aliendelea kwenda Katonga. Shule zilikuwa zimefunguliwa, na Jumamosi nilikuwa namsindikiza, bila kofia, koti langu likiwa jeusi kweli kweli. Jumamosi moja lilifika boti limezama karibu hadi ukingoni kwa uzito wa watu. Mwanamume mwembamba mwenye mvi alishuka majini akiwa amembeba kikongwe mgongoni. Alifika nchi kavu, akamshusha, akanyooka, akaanza kutazama nyuso. Mama Mdogo hakupiga kelele. Alisimama pale pale ili aonekane.

Baada ya siku tatu walikwenda kuandikishwa wote, kwa miguu yao, na asubuhi waliyokuwa wanangoja gari la kambini alinikabidhi chanuo, limefungwa ndani ya karatasi na kuzungushiwa uzi wa kusukia.

"Utundike meno ikiangalia mulango," alisema.

Nilifungua walipokwisha kuondoka. Karatasi ilikuwa barua yangu. Mwandiko wangu mzuri, kichwa cha habari, taadhima, saini. Bila shaka aliitoa mfukoni Jumapili, alipolikung'uta koti langu mba, siku moja kabla ya ndoo na kigoda. Nyuma yake, kwa wino wangu mwekundu, alikuwa amechora mistari ya kadi ya mgonjwa, na tarehe zake zilianzia Jumatatu niliyokwenda kwa mwenyekiti. Kulikuwa na siku zote za kuoshwa, na siku ya hospitali, na mwisho neno moja, "Amepona." Mstari wa kwanza ulisema: "Mafuta mingi. Halali. Hakuli. Anaogopa."

Mama aliniuliza kutoka jikoni karatasi hiyo ni ya nini. Nikamwambia ni cheti changu cha hospitali.